Naomba ushauri: Binti yangu yuko darasa la kwanza Ufini, naona anacheza tu. Nimrudishe Tanzania?

Mama Salha

Habari za majukumu wanajamvi. Mimi ni msomaji wa kimyakimya wa siku nyingi humu, leo limenifika shingoni. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, tuko Tampere mwaka wa sita sasa. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yeye ni dereva wa basi. Binti yetu alitimiza miaka 7 mwezi wa tano, Agosti akaanza darasa la kwanza. Huku ndiyo kawaida yao, mtoto anaanza la kwanza mwaka anaofikisha 7. Kabla ya hapo kuna mwaka mmoja wa awali ambao ni lazima, na huko ndiko nilikoanza kushtuka, maana mwaka mzima alichokuwa ananiletea nyumbani ni makoni ya misonobari yaliyopakwa rangi.

Nikajisemea, akiingia la kwanza mambo yatabadilika. Wapi! Siku nyingine anaingia saa tatu, saa sita na robo keshatoka. Kipindi dakika 45, halafu wanatolewa nje dakika 15, na theluji yao, na baridi yao ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Kazi ya nyumbani ukurasa mmoja, chai haijapoa tumemaliza. Mtihani hakuna. Nafasi hakuna. Nilimwuliza mwalimu kwa heshima zote, "Mwanangu amekuwa wa ngapi?" Akaniangalia kama nimemwuliza uzito wake.

Sasa lililoniumiza. Jumapili moja tulipiga simu ya video Dar kwa wifi yangu. Ana mtoto wa kiume, kapishana na wangu miezi miwili, yuko la pili English medium. Bibi yao alikuwepo, akawauliza wote wawili: saba mara nane? Yule, bibi hajafunga mdomo, "fifty six!" Wangu akaniangalia mimi. Kisha akamwambia bibi yake, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwamba yeye anajua kushona kifungo. Bibi alicheka sana. Mume wangu hakucheka.

Tangu siku hiyo ni wimbo mmoja tu: mtoto aende Dar kwa shangazi yake, aingie English medium ya bweni, maana shangazi naye ni mtu wa kazini. Anasema huku tunalea mjinga mwenye adabu. Mimi moyo unakataa, ila na mimi nilikuzwa kwa fimbo na tebo na nikafaulu, kwa hiyo sina hoja ya kumjibu.

Mliopitia haya, nchi yoyote ile, naombeni ushauri. Matusi hapana, machozi yangu yako karibu. Nawasilisha.

Mpiga Debe

Nimekaa mkao wa kula, waje wajuzi.

Mwalimu Chaki, Morogoro

Dada Mama Salha, pole. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini, shule ya serikali, mwaka wa 19 huu.

Kwanza bweni lifute kichwani. Mwaka 2023 serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Shule ikikwambia "mlete, tutajua namna ya kumpenyeza", ikimbie hiyo shule. Kwa hiyo swali lenu si bweni tena, ni kama shangazi yake yuko tayari kumlea mtoto wa miaka 7 kila siku, kumwamsha, kumwogesha, kumsubiri jioni. Mmemwuliza? Au mmemwarifu tu?

Pili, saba mara nane. Mimi hizo tebo naimbisha kila asubuhi na sijidharau. Nina watoto 112 kwenye chumba kimoja. Siwezi kupita kwa kila mmoja nikamwuliza amefikaje kwenye jibu, kengele italia sijafika dawati la tatu. Kwa hiyo naimbisha, darasa zima kwa pumzi moja, na wengi inawaingia. Ndiyo njia ya darasa kubwa. Ukinipa watoto 20 kama wa huko kwenu na bado nikaimbisha mwaka mzima, hapo nilaumiwe.

Lakini jaribu jambo moja. Mpigie tena huyo mpwa umwulize hivi: mama kanunua mifuko saba ya maandazi, kila mfuko una maandazi nane, yako mangapi? Usishangae akikujibu kwa swali: "Ni kujumlisha au kuzidisha?" Darasani kwangu nusu huuliza hivyo, na ni haohao wanaoimba vizuri kuliko wote. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unatutaka tuhangaike na hapo hasa, mtoto aweze kutenda na si kukariri. Maneno mazuri. Chumba ni kilekile.

Kitu cha tatu nakisema kwa sauti ya chini kwa sababu kuna watu humu wataruka. Binti yako nyumbani anaongea Kiswahili, shuleni Kifini. Ukimwingiza English medium Dar unampa lugha ya tatu ya kufundishiwa akiwa na miaka 7, na anafika katikati ya mwaka, maana sisi tunaanza Januari na wao wanaanza Agosti. Huyo mtoto atakaa nyuma ya darasa muhula mzima akitafuta choo kinaitwaje.

Kichwa Ngumu

Mnampaka dada mafuta kwa mgongo wa chupa. Hiyo Ufini mnayoisifia ni ya zamani. PISA, ile mitihani ya watoto wa miaka 15, hisabati mwaka 2003 walipata 544. Mwaka 2022 wamepata 484. Singapore, wanaokaza, wenye mtihani wa darasa la sita unaoamua mtoto aende wapi, wamepata 575. Baba mtu anaona mbali. Kucheza hakulipi.

Mama Salha

Kaka Kichwa Ngumu hizi namba nikimwonyesha mume wangu leo hii tiketi inakatwa.

Binti wa Kibokoni, Mombasa

Salaam dada yangu. Nataka nikueleze yetu sisi wa Kenya, kwa sababu sisi tumegeuziwa mfumo watoto wakiwa ndani yake.

Mimi nimesoma 8-4-4, ile iliyoanza 1985. Darasa la nane mtihani mmoja, KCPE, ukianguka mtaa mzima unajua. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa kwenye kundi la mwisho kuufanya, 2023. Wa pili yuko kwenye ule wa umilisi, CBC, ulioenea nchi nzima 2019. Nyumba moja, meza moja, watoto wawili wanasoma kama wako nchi mbili.

Mwanzo nililia. Usiku saa tatu naambiwa, "Mama, kesho twatakiwa sanamu ya kutishia ndege shambani." Shamba gani, na mimi nakaa ghorofa ya tatu? Nikararua kanzu ya babake ya zamani, tukajaza makaratasi. Mwalimu akatoa alama, ile kazi yote ya kwangu mimi! Kila wiki manila, gundi, picha za kuchapisha, shilingi hamsini hapa, mia pale. Asiye na hela mtoto wake anakwenda mikono mitupu. Hilo hawalisemi wanaposifu kujifunza kwa vitendo: lina gharama, na huko Ufini naona gharama inabebwa na shule, huku inabebwa na mzazi.

Lakini nikwambie la ukweli. Huyu wa pili huuliza. Maji yakikatika anauliza yanatoka wapi, kwa nini ya chemchemi za Mzima Springs yafike Mombasa na wa njiani hawana. Kakake hakuwahi kuniuliza swali ambalo halimo kwenye kitabu. Alama kakake alikuwa nazo.

Huyo binti wa kujua kushona kifungo mimi nampenda tayari.

Mzee wa Nürnberg

Wanangu, shikamooni si yenu, ni yangu, kwa hiyo naandika taratibu.

Niko Ujerumani tangu 1994. Kuna kosa moja nilifanya nataka lisirudiwe na kijana yeyote: nilidhani shule zote za Ulaya ni shule moja. Mwanangu wa kwanza alileta ripoti ya kwanza ina 1, 2, 2. Nikamgombeza nusu saa nzima. Mama yake alikuja kuniambia baadaye kwamba huku 1 ndiyo ya juu kabisa na 6 ndiyo ya kuanguka. Sijawahi kumwomba mtoto msamaha kwa haraka namna ile.

Hapa Bavaria shule ya msingi ni miaka minne tu. Mtoto ana miaka 10, wanachukua alama zake za Kijerumani, hisabati na somo la mazingira, wanatafuta wastani. 2.33 au bora zaidi, anakwenda Gymnasium, njia ya chuo kikuu. Mpaka 2.66, Realschule, ile ya kati. Zaidi ya hapo, ile ya chini, siku hizi wanaiita Mittelschule. Mtoto wa miaka kumi, jamani! Huyo wangu wa kwanza alipoteza alama kwenye Kijerumani, kwa sababu nyumbani tulizoea kuongea nusunusu, si Kijerumani kamili wala Kiswahili kamili. Alikwenda ya chini. Nilifunga mlango wa chumbani nikakaa.

Ila Wajerumani wana jambo lao. Alipomaliza aliingia mafunzo ya kazi, ufundi wa mekatronika, yaani mitambo na umeme pamoja, miaka mitatu na nusu, siku nyingine kiwandani na siku nyingine chuoni, na analipwa mshahara wa mwanafunzi tangu mwezi wa kwanza. Leo ana nyumba yake. Dada yake aliyepita Gymnasium bado anaandika tasnifu na ananiomba hela ya kodi.

Mama Salha, kwa ninavyojua, huko kwenu watoto wote hukaa shule moja mpaka darasa la tisa. Hakuna wa kumchambua binti yako akiwa na miaka kumi. Una muda ambao mimi sikuwa nao. Utumie kwenye lugha.

Vantaa Kwetu

Nimechelewa kuuona huu uzi, nilikuwa zamu. Mimi nafundisha hukuhuku Ufini, kwa hiyo nianze na Kichwa Ngumu. Namba zako ni za kweli, kaka, na walimu huku zinawanyima usingizi. Umesahau tu kwamba wastani wa nchi za OECD, ule umoja wa nchi nyingi tajiri, mwaka huohuo ulikuwa 472. Wameshuka, hawajazama. Na hao waliopata 544 mwaka 2003 walianza la kwanza na miaka 7 vilevile, walitolewa nje dakika 15 vilevile. Mchezo ulikuwepo walipokuwa juu.

Lakini ndani ya hizo namba kuna moja ambayo inatuhusu sisi kuliko hiyo ya juu, na hakuna aliyeitaja. Pengo kati ya watoto wa wahamiaji na watoto wa wenyeji, Ufini, ni miongoni mwa makubwa kuliko yote. Hapo ndipo mume wako ana haki ya kuogopa, ila anaogopea mahali pasipo. Mtoto wetu haanguki kwa kuwa anacheza. Anaanguka darasa la tano, la sita, vitabu vya historia na baiolojia vinapoanza kuwa na sentensi ndefu, na Kifini chake ni cha uwanjani. Anaongea vizuri mno, kila mtu anadhani anaelewa, kumbe anaelea.

Kwa hiyo mama, wiki hii mwulize mwalimu mambo mawili. Mosi, je, Salha anafuata mtaala wa Kifini kama lugha ya kwanza au kama lugha ya pili, na nani aliamua? Usikubali wala usikatae kabla hujaelewa, maana wazazi wengine huona ni aibu mtoto kuwekwa lugha ya pili, na wengine wanawekewa bila kuulizwa. Pili, je, manispaa inatoa somo la lugha ya nyumbani kwa Kiswahili? Kwa kawaida ni vipindi viwili kwa wiki, baada ya masomo, na linafunguliwa wakipatikana watoto wa kutosha. Kama hawatoshi, zungukeni msikitini, kanisani na kwenye vikundi vya Waswahili, Wakongomani wamo wengi, mjaze fomu kwa pamoja.

Na hapa kuna zawadi ambayo Waswahili wa Ufini hatuijui. Kifini kinasomeka kama kinavyoandikwa, sawasawa na Kiswahili. Fungua kitabu chake cha kwanza cha kusomea utaona maneno yamekatwa silabi kwa vistari: ka-la, ta-lo. Sisi tulisoma je? Ba be bi bo bu. Ka-la kwao ni samaki, lakini mtoto aliyeshika ka na la kwa Kiswahili keshasoma neno la Kifini bila kujua. Mkazo tu unahama, wao wanabonyeza silabi ya mwanzo, sisi ya pili kutoka mwisho. Ukimsomesha Kiswahili dakika 15 kila jioni humchanganyi hata kidogo, unamwongezea mazoezi ya jambo lilelile.

Kuhusu mwalimu aliyekuangalia vile. Mwalimu wa darasa la kwanza huku ana shahada ya uzamili, na hana mkaguzi anayemjia na orodha. Alama za namba zinaanza darasa la nne, kati ya 4 na 10, 4 ni kuanguka. Kabla ya hapo ukimwuliza nafasi hana cha kukujibu, kwa sababu hakupanga nafasi. Mwulize hivi: "Salha anasoma sentensi ndefu kiasi gani peke yake? Anapokosea hesabu, anakosea wapi?" Atakueleza mpaka umkimbie.

Mwalimu Chaki, Morogoro

Shahada ya uzamili kufundisha ba be bi bo bu. Mimi niliingia kazini na cheti cha Daraja la IIIA. Ngoja ninywe maji.

Nusu Leicester

Sijawahi kuandika humu. Mimi ndiye huyo mtoto, ila nilitokea Uingereza.

Huko mambo ni tofauti na Ufini, unaanza shule na miaka 4, miaka 6 unapimwa kusoma sauti za herufi. Wazazi wangu hawakuwa na shida ya masomo, waliogopa mtaa. Nikapelekwa kwa bibi Tanga nikiwa na miaka 9.

Wiki ya kwanza mwalimu alieleza jambo, nikanyoosha mkono nikauliza, "Kwa nini?" Sikuwa na maana mbaya, kule nilikotoka ukiuliza hivyo unapata stika ya nyota. Darasa lote liliguna. Nikaitwa mbele, kiburi cha Ulaya. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne na mkuu wa shule ndiye mwenye idhini. Mimi sikuona mkuu wa shule, na sikuhesabu.

Sisemi ilikuwa mbaya yote. Kiswahili changu mnakiona. Nina binamu ambao ni ndugu kabisa, najua kuvua, najua kumzika mtu. Vitu hivyo Leicester nisingevipata na nisingevijua kuwa nimevikosa. Lakini nilijifunza kunyamaza, nikajifunza vizuri mno. Nikarudi Uingereza na miaka 17, chuoni ripoti ya kwanza ikaandikwa kwamba sichangii darasani. Huku nilipigwa kwa kuongea, kule nikapunguziwa alama kwa kunyamaza.

Baba alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Nilikuwa namwambia kila kitu sawa, kwa sababu simu ilikuwa ya bibi na bibi alikuwa amekaa hapo.

Mama Salha, ukimpeleka, mpe simu yake mwenyewe.

Kichwa Ngumu

Dah. Mdogo wangu pole. Narudisha kiti nyuma kidogo.

Binti wa Kibokoni, Mombasa

"Bibi alikuwa amekaa hapo." Mimi nimezima jiko nikaja kukaa kitako.

Mama Salha

Wapendwa, zimepita wiki tatu, nadaiwa mrejesho.

Mume wangu alisoma uzi wote akiwa kituo cha mwisho cha basi, akaniambia alichelewa kuondoka dakika mbili na huku dakika mbili ni kesi. Hakusema kitu siku hiyo. Kesho yake aliniuliza, "Huyu wa Leicester, unafikiri ni mtoto wa nani?" Nikajua imeingia.

Wifi tulimpigia, safari hii tukimwuliza kweli. Kumbe alikuwa anaogopa kukataa. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya foleni, mwanawe mwenyewe anaamshwa na dada wa kazi. Na lile swali la maandazi tulimwuliza mpwa. Mwalimu Chaki, wewe ni mchawi. Aliuliza neno kwa neno! Salha, kwa upande wake, alichora mifuko saba sakafuni, akajaza maandazi mojamoja, akapata 54, akarudia, akapata 56. Ilichukua muda mpaka video ikaganda. Bibi alisubiri.

Shuleni nilikwenda na maswali ya Vantaa Kwetu. Mwalimu alianza kwa kumwuliza Salha mwenyewe, mimi nimekaa, anaona nini kigumu. Mtoto akasema hesabu sawa, lakini mwalimu akisoma hadithi ndefu anaacha kusikiliza kwa sababu maneno yanakuwa mengi. Hajawahi kuniambia hilo. Kumbe hakuna aliyemwuliza nyumbani, sisi tulikuwa tunauliza saba mara nane. Atapata msaada wa Kifini mara mbili kwa wiki na kikundi kidogo. Kiswahili tumepata watoto watatu, wanataka wanne, namfuatilia mama mmoja wa Bukavu ana mapacha.

Mume wangu amekubali mpaka Juni mwakani, "halafu tutaona". Tebo anamfundisha mwenyewe garini, na kusema kweli mtoto anazipenda, anaimba kwa mahadhi ya taarabu. Sikumzuia. Jumapili sasa bibi anasomesha Kiswahili kwenye simu ya video, na simu anaishika Salha chumbani kwake, mlango umefungwa.

Swali langu la mwisho: vitabu vya Kiswahili vya la kwanza na la pili nimeviona kwenye maktaba mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, ni bure, lakini bibi hawezi kusoma kwenye kioo na mimi nataka wote wawili washike kitabu kimoja. Nani anakuja Ufini karibuni?

Mpiga Debe

Natua Helsinki tarehe 14 mwezi ujao, nina kilo tano wazi. Ila na mimi nina dagaa wangu wa Kigoma humo ndani, vitabu vikinuka msinitafute.

Mama Salha

Vifunge kwenye nailoni mbili kaka, na hao dagaa niachie robo. Njoo PM.